Ukumbi Uliofufuliwa na Onyesho Lisilotangazwa

Tarehe 10 Desemba, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius K. Nyerere alilihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais. Ndipo alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ndipo aliposikitika kwamba wengi wetu tulikuwa mabingwa wa rumba, chachacha, twisti na roki, hali waliopata kucheza gombe sugu na lelemama, au hata kuyasikia majina hayo, walikuwa wachache mno. Hotuba hiyo imekwisha tajwa katika maandishi mengi juu ya utamaduni, wala si nia yangu kuirudia kwa ajili ya kuisifu. Naikumbuka kwa sababu nyingine. Roki, ambayo siku ile ilihesabiwa miongoni mwa mitindo mipya ya kigeni, leo imezeeka. Ina wazee wake, ina makaburi yanayozuriwa, na ina majumba yaliyobomolewa ambayo wenyewe wanayalilia, kama vile sisi tunavyozililia ngoma zetu.

Katika makala haya nakusudia kuchunguza jinsi wapenzi wa muziki huo wanavyoyapokea mambo mawili: kumbi za zamani zinapojengwa upya, na wanamuziki wakubwa wanapotokea ghafla mahali padogo bila ya kutangazwa. Msomaji ataniuliza yanatuhusu nini mambo ya Liverpool na New York. Namwomba anivumilie kidogo.

Tuanze na Liverpool. Katika kichochoro kiitwacho Mathew Street kulikuwa na ghala, na chini yake vyumba virefu vya matofali vyenye dari la matao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walijificha humo, mabomu ya Wajerumani yalipokuwa yakiiangukia bandari. Tarehe 16 Januari, 1957, Alan Sytner alifungua humo klabu ya muziki wa jazi, akaiita The Cavern, yaani Pango, kwa kuiga klabu moja ya mjini Paris ambayo nayo ilikuwa chini ya ardhi. Baadaye jazi ilisukumwa kando, vijana wa magitaa wakaingia. Kati ya mwaka 1961 na tarehe 3 Agosti, 1963, kundi la Beatles lilipiga humo karibu mara 300.

Wale waliofika enzi hizo hawalisifu Pango kwa uzuri wake. Husimulia jinsi kuta zilivyokuwa zikitiririka maji kwa pumzi za watu, jinsi hewa ilivyokuwa nzito kwa moshi wa sigara na harufu ya dawa ya kusafishia vyoo, na jinsi mtu alivyotambulikana kwa nguo zake kwamba ametoka huko. Pombe haikuuzwa. Maonyesho mengi yalikuwa ya mchana, saa ya mapumziko, nayo yalihudhuriwa na makarani na wasichana wa madukani waliokuja na mkate wao mkononi kisha wakarudi kazini. Jambo hili la saa ya mchana nitalirejea, maana lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mwaka 1973 ukumbi huo ulifungwa. Ilisemekana kwamba reli ya chini ya ardhi ilihitaji tundu la kupitishia hewa mahali pale pale. Ghala likabomolewa, vyumba vya chini vikajazwa kifusi, na tundu lenyewe halikuchimbwa hata leo. Kwa miaka kadhaa mahali hapo palikuwa uwanja wa kuegesha magari. Mwaka 1982 wajenzi walipofukua walikuta matao yameharibika mno hata hayawezi kubeba jengo. Basi wakajenga upya kwa kuufuata mfano wa zamani, wakitumia matofali yapatayo 15,000 yaliyookolewa humo humo, juu ya sehemu kubwa ya eneo lile lile. Pango jipya lilifunguliwa mwaka 1984.

Hapa ndipo ugomvi ulipoanza, nao haujakwisha. Wako wanaoshuka ngazi zile kama mtu anayeingia mahali patakatifu. Hugusa ukuta, hulia machozi, na wengi wao walizaliwa baada ya Beatles kuvunjika. Na wako wale wa mwanzo, ambao sasa ni vikongwe, wasemao kwamba jambo lile lilikufa mwaka 1973 na kilichopo ni duka la kuuzia watalii fulana. Huwacheka wanaougusa ukuta: hilo tofali unalolibusu, humwambia mgeni, huenda lilikuwa la chooni.

Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili moja kwa moja. Tuchukue mfano wa ngoma. Ngozi ya ngoma hupasuka, ikawambwa nyingine. Mzinga nao huliwa na mchwa, ukachongwa mwingine. Katika ukoo wenye ngoma ya miaka 100 huenda hapana hata kipande kimoja kilichoguswa na babu wa kwanza, na bado hakuna mtu wa ukoo huo athubutuye kusema kwamba ngoma ile si ya babu. Kinachoifanya iwe ya babu ni kwamba hupigwa katika shughuli ile ile, na mikono iliyofundishwa na mikono ya kabla yake. Kwa kipimo hicho suala la matofali ni dogo. Swali kubwa ni hili: je, shughuli ile bado inafanyika?

Jibu, kwa kweli, ni la nusu. Pango la leo lina muziki hai kila siku, na hilo si jambo dogo. Ukilinganisha na jumba la makumbusho la Beatles lililofunguliwa mwaka 1990 kwenye gati za Albert Dock, mjini humo humo, ambamo pamejengwa Pango jingine la kutazamwa tu, utaona tofauti iliyopo kati ya ngoma na picha ya ngoma. Lakini shughuli ya Pango la mwaka 1961 ilikuwa kuwapa jukwaa vijana wasiojulikana wapige mambo yasiyojulikana. Kazi kubwa ya Pango la leo ni kuwapa watu wanaojulikana mambo wanayoyajua. Bendi changa nazo hupata nafasi, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo mgeni aliyesafiri kutoka mbali hakuja kuzisikiliza. Amekuja kusikia nyimbo za wafu zikipigwa bila ya kukosewa.

Huko New York mambo yalikwenda vibaya zaidi. Mwezi Desemba 1973 Hilly Kristal alifungua kilabu katika nyumba nambari 315 ya barabara ya Bowery, mtaa wa walevi na watu wasio na makao. Aliiita CBGB, kwa herufi za kwanza za mitindo aliyoitarajia, yaani muziki wa mashambani na blues. Hakuipata. Walimjia Ramones, Television, Blondie, Talking Heads na Patti Smith, akawaachia jukwaa kwa sharti kwamba wapige nyimbo zao wenyewe. Sharti hilo moja lilifanya kazi kubwa kuliko wizara nyingi za utamaduni. Tarehe 15 Oktoba, 2006, baada ya mgogoro wa kodi ya nyumba, Patti Smith alipiga humo kwa mara ya mwisho, milango ikafungwa.

Kilichofuata ni kisa ambacho mtunzi wa vichekesho angeona haya kukibuni. Mwaka 2008 lilifunguliwa humo duka la nguo za bei ghali, ambalo lilihifadhi sehemu ya ukuta wenye mabango ya zamani kama pambo. Mwaka 2013 jumba kubwa la makumbusho ya sanaa la Metropolitan lilifanya maonyesho juu ya mavazi ya vijana wa punk, na katika maonyesho hayo choo cha CBGB, ambacho sifa yake kuu ilikuwa uchafu, kilijengwa upya kwa uangalifu, kikatazamwa na wageni waliolipa kiingilio. Mwaka 2015 ukafunguliwa mkahawa wenye jina hilo ndani ya uwanja wa ndege wa Newark, ukiwa na mapambo ya kuikumbusha klabu, ili abiria ale huku akisubiri ndege. Wapenzi wengi wa muziki ule walicheka, wengine walikasirika. Nadhani hasira zilikuwa za haki kuliko kicheko. Ubepari una tumbo la ajabu: kitu kikiwa hai humfukuza mwenyewe kwa kodi ya nyumba, kikisha kufa humchuna ngozi, akaijaza pamba, akaitia dirishani.

Lakini pia hapana budi kukiri kwamba wapenzi wenyewe si malaika. Wengi waliolia mwaka 2006 hawakuwa wamekanyaga humo kwa miaka 15. Watu huipenda sana nyumba ambayo hawalazimiki kuilipia.

Kuna mfano mmoja ambao umenifikirisha kuliko yote hii. Mjini Manchester kulikuwa na klabu iitwayo Haçienda, iliyofunguliwa Mei 1982 kwa fedha zilizotokana na sahani za kundi la New Order, na kufungwa mwaka 1997. Jengo lilivunjwa, yakajengwa maghorofa ya kuishi yaliyopewa jina hilo hilo. Michael Winterbottom alipokuwa akitengeneza filamu yake iliyotoka mwaka 2002 juu ya muziki wa mji huo, aliijenga klabu nzima upya ndani ya kiwanda kimoja. Kisha hakukodi watu wa kujifanya wanacheza. Watu walipewa tiketi, wakaingia usiku, wakapewa vinywaji bure, wapiga sahani wakafanya kazi yao, na kamera zikazunguka katikati ya dansi la kweli. Ilikuwa nakala tupu, ya mbao na rangi, isiyo na tofali hata moja la asili, tena iliyojengwa ili ivunjwe. Hata hivyo shughuli iliyofanyika humo ilikuwa ile ile: watu, giza, kelele, jasho. Kwa kipimo changu cha ngoma, usiku huo mmoja ulikuwa karibu zaidi na Haçienda kuliko maghorofa yaliyosimama penye msingi wake.

Sasa tuje kwenye onyesho lisilotangazwa. Mfano maarufu kuliko yote ni wa tarehe 30 Januari, 1969, Beatles walipopanda juu ya paa la ofisi zao katika Savile Row, mtaa wa mafundi cherehani wa London, wakapiga kwa muda wa dakika 42 hivi saa ya mchana. Ilikuwa mara yao ya mwisho kupiga pamoja mbele ya watu. Filamu ndefu ya Peter Jackson iliyoonyeshwa mwaka 2021 ina thamani kwa sababu inawaonyesha pia watu wa barabarani. Wako waliosimama wakatabasamu. Wako vijana waliopanda mapaa ya nyumba za jirani. Wako wenye maofisi waliokasirika kwamba kazi imesimama, na polisi wakaja, kwa adabu, kutaka sauti ipunguzwe.

Nilipowatazama watu wale nilimkumbuka bibi yangu. Kijijini kwetu ngoma haikutangazwa kwa bango wala haikukatiwa tiketi. Ulikuwa shambani, ukasikia mlio kwa mbali, ukasimama ukisikiliza upepo unauleta kutoka wapi, ukaweka jembe chini. Muziki ulikuja kwako kabla hujauendea. Yule karani wa Savile Row aliyeinua shingo akitafuta sauti inatoka wapi alipata, bila ya kujua, jambo ambalo biashara ya muziki ilikuwa imekwisha mnyang'anya: kuitwa na ngoma yenyewe badala ya kuitwa na tangazo. Nadhani ndiyo sababu hasa ya furaha isiyo ya kawaida ambayo wapenzi huwa nayo katika maonyesho ya namna hii. Watu husema wamefurahi kwa sababu walimwona mtu mashuhuri kwa karibu. Hiyo ni sehemu ndogo. Mtu mashuhuri huonekana kwa karibu zaidi katika televisheni.

Kuna pia kisa cha Rolling Stones mjini Toronto, Machi 1977. Washindi wa shindano la redio waliambiwa wataliona kundi la April Wine katika klabu ya El Mocambo iliyokuwa na nafasi ya watu wapatao 300, pamoja na kundi jingine liitwalo The Cockroaches, yaani Mende. Mende walipopanda jukwaani wakaonekana kuwa ni Rolling Stones. Rekodi kamili ya muziki huo ilitolewa mwaka 2022, na mtu aisikilizaye atatambua mara moja kwamba wanamuziki wale wanapiga kama watu wenye njaa. Chumba kidogo humvua mwanamuziki joho lake. Katika uwanja wa watu 60,000 kosa la gitaa hupotea hewani. Katika chumba cha watu 300 humrudia usoni.

Tarehe 11 Februari, 2025, Paul McCartney, akiwa na umri wa miaka 82, alipiga katika ukumbi wa Bowery Ballroom, si mbali na mahali ilipokuwa CBGB. Habari zilitolewa siku hiyo hiyo. Tiketi hazikuuzwa kwa mtandao. Mtu alipaswa kufika mwenyewe dirishani, na kila mtu aliuziwa moja tu. Ukumbi unachukua watu wasiofika 600, na tiketi zilikwisha upesi mno. Simu za mkononi zilifungiwa katika vifuko mlangoni. Akarudia tena tarehe 12 na tarehe 14.

Walioingia walisema maneno ya shukrani ambayo huyasikii siku hizi katika muziki wa biashara, nao walisifu hasa kule kufungiwa simu: kwamba kwa saa moja na zaidi watu walitazama kwa macho yao. Waliobaki nje walinung'unika. Manung'uniko yao hupuuzwa kama wivu, lakini mimi nayaona yana hoja. Utaratibu ule ulimzuia mlanguzi wa tiketi, na kwa hilo unastahili sifa. Hata hivyo uliwachuja watu kwa namna nyingine. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nani awezaye kuacha kazi yake mchana wa Jumanne na kukimbilia Bowery? Mpishi wa hoteli hawezi. Muuguzi hawezi. Anaweza mtu mwenye kazi ya kujitawala, aishiye karibu, ambaye habari humfikia mkononi dakika ile ile. Katika mji ambao kodi ya nyumba karibu na Bowery ni kama ilivyo, nadhani tunamjua mtu huyo. Ndiyo maana nililitaja lile Pango la saa ya mchana. Mwaka 1961 muziki uliwekwa mahali na wakati ambapo karani angeweza kuufikia bila ya kuiba saa ya mwajiri. Onyesho la kushtukiza, kwa uzuri wake wote, humwomba mfanyakazi aibe.

McCartney huyo huyo alikuwa amekwisha fanya onyesho la namna hiyo katika Pango lililojengwa upya, tarehe 26 Julai, 2018. Hapo mambo mawili ninayoyazungumza yalikutana. Alikwisha piga humo mwezi Desemba 1999 pia, lakini kwa tangazo na kwa bahati nasibu ya tiketi. Wale wanaosema kwamba Pango jipya ni uongo hupata taabu na siku hizo mbili, maana kama mwenye ngoma amekuja, akaipiga, nani tena atasema si ngoma yake?

Kwetu, uhusiano wa moja kwa moja na roki ni mwembamba, lakini upo. Farrokh Bulsara, aliyejulikana baadaye kama Freddie Mercury wa kundi la Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, na mwaka 2019 jumba la makumbusho lilifunguliwa Shangani kwa jina lake. Wageni huja, hupiga picha mlango, huondoka. Sina ugomvi nao. Ila hapana shughuli yoyote ya muziki wake iliyopata kufanyika hapo, maana alipoanza kupiga alikuwa shuleni Uhindi, na familia yake iliondoka mwaka 1964. Ni mlango wa mtu, si ukumbi wa muziki.

Kinachonisumbua zaidi ni kumbi zetu za dansi. Vijana wale wa rumba na chachacha wa mwaka 1962 walikuja kuwa wapenzi wa NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ambayo ilibadilika jina ikawa JUWATA na kisha OTTU, na inayojulikana zaidi kama Msondo Ngoma. Na wengine wakaifuata Mlimani Park tangu 1978, wana Sikinde. Rumba ya kigeni iligeuka mikononi mwao ikawa dansi yetu. Sasa nao wamezeeka, na baadhi ya kumbi walimocheza zimekuwa maghala ya bidhaa. Hupangwa usiku wa zilipendwa hapa na pale, na wapenzi huja na mashati yao ya zamani.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu mmoja katika usiku wa namna hiyo. Ni mpiga chapa mstaafu, mtu wa dansi tangu ujana wake. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa picha za enzi hizo na hata bei ya zamani ya kiingilio ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa mzaha. Bendi ilikuwa ya vijana hodari. Walipiga kila kipande kama kilivyo katika rekodi za redio, hata mahali mpiga gitaa wa kwanza alipojikwaa nao walijikwaa. Watu walishangilia. Mzee alikaa kitini, mikono juu ya fimbo yake.

"Mzee, huinuki?" nilimwuliza.

"Hawa wanapiga sahani, mwanangu," alinijibu. "Sisi wimbo huu hatukupata kuusikia hivi mara mbili."

Yapata saa tano umeme ulikatika. Magitaa yakanyamaza, taa zikazimika, watu wakaguna. Kwa muda kidogo palikuwa kimya. Kisha mpiga tumba, pengine kwa kukosa la kufanya na mikono yake, aliendelea. Mwenye tarumbeta akamfuata, akipapasa, maana hapakuwa na gitaa la kumshikia njia, na mwimbaji akashuka jukwaani akaja kati ya viti kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimekufa na alitaka asikike. Wimbo ulikuwa ule ule, lakini sasa hakuna aliyejua utakwendaje. Nikageuka kumwambia mzee neno, nikakuta kiti kitupu na fimbo imeegemezwa ukutani.